Habari za Paka, na Gharama ya Kumtunza

Watu wa pwani wana mithali isemayo, paka wa nyumba haingwa. Kuinga ni kufukuza, kama watoto waingavyo ndege katika shamba la mpunga. Basi maana yake ni kwamba paka aliyezoea nyumba hafukuzwi, hata akiiba samaki, kwa kuwa yeye ni wa humo. Mithali hii husemwa juu ya watu zaidi kuliko juu ya paka. Lakini mwezi huu, ndugu wasomaji, twataka kuichukua kwa maana yake iliyo wazi. Paka huyu ambaye hatumfukuzi, twamtunza namna gani? Na utunzaji wake wagharimu nini? Maana ni jambo la kustaajabisha: katika nyumba nyingi hata mtoto mdogo aweza kusimulia hadithi tatu nne za paka kabla ya kulala, walakini ukiuliza paka wa nyumba ile alichanjwa lini, watu hutazamana.

Tutaanza na hadithi, kwa kuwa ni tamu, tena kwa kuwa mara nyingi hadithi ndizo ziamuazo, pasipo sisi kujua, kama paka atapata dawa au ataikosa.

Hadithi ya paka iliyo kubwa kuliko zote katika Kiswahili ni ile ya Sultani Majinuni. Ilisimuliwa Unguja, naye Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu huko, akaitia katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili kilichopigwa chapa London mwaka 1870. Wasomaji wengi waijua, lakini kwa ajili ya watoto tuieleze kwa ufupi. Sultani alikuwa na paka wake. Siku moja yule paka akakamata ndama akamla. Watu wakaenda kumshitaki. Sultani akawaambia wamwache, kwa kuwa paka ni wake na ndama ni wake. Baadaye akala mbuzi, jawabu likawa lile lile. Akala ng'ombe, akala punda, akala farasi, akala ngamia, na kila mara watu waliporudi barazani walikuta jawabu halijabadilika. Hata alipokula mtoto, na baada ya mtoto mtu mzima, sultani alisema paka ni wangu. Mwisho paka akatoka mjini akakaa kichakani, na kila apitaye kwenda kuteka maji akawa chakula chake. Siku sultani alipotoka pamoja na wanawe, paka akawarukia akaua watatu. Ndipo baba akafumbuka macho, akasema huyu si paka tena, huyu ni nunda.

Yaliyobaki ni habari za yule mwana mdogo aliyekwenda kumtafuta nunda porini, akaua mnyama baada ya mnyama, tangu mbwa hata tembo, na kila mara mama yake akamwambia kwamba bado, huyo siye. Twaipenda hadithi kwa sababu ya kijana huyo na ushujaa wake. Lakini mwenye nyumba akiisoma ataona na jambo jingine. Tangu siku ya ndama hata siku ya kilio cha wana watatu, zilikuwapo siku nyingi ambazo shauri lingalimalizika kwa gharama ya kamba moja na mtu mmoja wa kumwangalia paka. Sultani hakuwa mkatili. Alikuwa mzito wa kuamua tu. Nasi twamfahamu, maana katika habari za wanyama wetu wengi wetu tu masultani wa namna ile: paka ni wangu, acheni, ataona mwenyewe.

Iko na hadithi nyingine isimuliwayo katika nchi nyingi za Afrika, ya paka aliyetaka kukaa na aliye hodari kuliko wote. Alikaa kwanza na sungura. Paa akamshinda sungura, paka akamfuata paa. Chui akamwua paa, simba akamshinda chui, tembo akamshinda simba, na paka kila mara alihamia kwa mshindi. Kisha mwindaji akamwua tembo, paka akamfuata mwindaji hata kwake. Walipofika, akasikia mwanamke akimkemea mumewe kwa kuchelewa, na yule shujaa akanyamaza kimya. Paka akaingia jikoni akalala karibu na mafiga, wala hakuhama tena.

Kina mama huicheka sana hadithi hii. Wenye elimu ya wanyama nao wasema jambo lisilo mbali nayo. Katika kisiwa cha Kipro wachimbuaji walikuta kaburi la miaka 9,500 iliyopita, mtu amezikwa na paka karibu yake. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2004. Na mwaka 2007 wataalamu walioupima urithi wa damu ya paka wengi wa dunia walionyesha kwamba paka wote wa nyumbani wametoka kwa paka-mwitu wa upande wa Mashariki ya Kati. Yeye hakutekwa akafungwa kama ng'ombe. Watu walipoanza kulima waliweka nafaka ghalani, nafaka ikaleta panya, na panya wakamleta paka. Alikuja kwa miguu yake mwenyewe, kama katika hadithi, akaona jikoni panafaa.

Tangu hapo mataifa yamemheshimu au kumtesa kwa zamu. Herodotus, Myunani aliyeandika habari za Misri ya kale, asema kwamba paka akifa katika nyumba, watu wote wa nyumba ile hunyoa nyusi zao. Diodorus alishuhudia kwa macho yake Mrumi mmoja aliyeuawa na makutano ya watu huko Misri kwa sababu alimwua paka bila kukusudia. Hata hivyo heshima ya dunia ni kitu cha kupita: mwaka 1890 paka wa Misri waliokaushwa na kufungwa vitambaa tangu zamani zile, wapata 180,000, walipelekwa kwa meli mpaka Liverpool, wakauzwa ili wasagwe kuwa mbolea ya mashamba. Kule Ypres, nchi ya Ubelgiji, watu walikuwa na desturi ya kuwatupa paka walio hai kutoka juu ya mnara wa mji; wa mwisho alitupwa mwaka 1817. Siku hizi sikukuu ile ingaliko, lakini watupwao ni paka wa kitambaa.

Kwetu pwani paka amepata heri zaidi, na sababu moja ni mafundisho ya Waislamu, jirani zetu. Wao hawamhesabu paka kuwa najisi; mmoja wa masahaba wa Mtume wao aliitwa Abu Huraira, maana yake mwenye kitoto cha paka; tena wana mapokeo juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka asimpe chakula wala asimwache ajitafutie. Ndiyo maana katika vichochoro vya Lamu na Unguja paka hupita katikati ya watu pasipo woga. Na katika mashamba ya minazi karibu na Watamu walikuwapo paka wenye madoa kama gome la mti, ambao Wagiriama huwaita khadzonzo. Mama mmoja wa Kenya, Jeni Slater, akachukua watoto wawili wa paka hao mwaka 1978 akawalea. Leo kabila lile la paka lajulikana Ulaya kwa jina la Sokoke, kwa ajili ya msitu wa Arabuko-Sokoke, nao waliokuwa wakizurura minazini hununuliwa kwa fedha nyingi.

Basi, katika masimulizi hayo yote ziko imani mbili zinazomdhuru paka hata leo. Ya kwanza ni ile ya roho nyingi. Waarabu na Wahispania husema paka ana roho saba, Waingereza husema tisa, nasi tukimwona mtu aliyepona ajali kubwa twasema ana roho ya paka. Neno hili lina asili ya kweli. Paka aangukapo hujigeuza hewani akashuka kwa miguu. Mfaransa Étienne-Jules Marey aliipiga picha habari hiyo, hatua kwa hatua, mwaka 1894. Na mwaka 1987 waganga wa wanyama wa New York waliandika habari za paka 132 walioanguka kutoka katika majumba marefu wakaletwa hospitalini: katika kila kumi, tisa walipona. Lakini angalieni. Paka aliyekufa palepale barabarani hakuletwa, basi hakuhesabiwa. Tena wengi wa walioletwa walikuwa wameumia vifua, au wamevunjika mataya na miguu, nao walipona kwa kuwa walitibiwa. Roho ile ya pili ilikuwa na hati ya malipo, na mwenye paka aliilipa. Paka wetu aanguka kutoka katika mwembe, akachechemea siku tano, nasi twasema atapona, ana roho saba. Anayo moja.

Imani ya pili ni ya uchawi. Paka mweusi husemwa kuwa ni jini, au ni mtumwa wa mchawi. Akilia usiku juu ya paa, watu humtupia mawe, na asubuhi mtu humtazama jirani yake kwa jicho baya. Lakini Waingereza wengi humhesabu paka mweusi yule yule kuwa ni bahati njema; kama rangi ingalikuwa na nguvu, ingalikuwa na nguvu moja mahali pote. Macho yake hung'aa gizani kwa sababu nyuma ya mboni mna utando urudishao nuru kama kioo. Na kilio kile cha usiku ni cha jike atakaye dume, au cha madume mawili wakipigana kwa ajili yake. Uchawi huo una dawa, nayo ni kuhasi, ambayo tutaitaja baadaye.

Sasa tuje katika hesabu. Bei yenyewe kwa shilingi hatutaiandika, maana ya Nairobi si ya Tabora, wala ya mwaka huu haitakuwa ya mwaka ujao. Bwana mifugo wa mahali penu ataitaja akiulizwa. Lakini twaweza kusema ni gharama zipi zinazokuja kwa zamu yake, hata mtu akaziwekea akiba, na ni zipi zinazokuja kwa sababu zile za kwanza hazikulipwa.

Ya kwanza kabisa ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Jina la ugonjwa huu limewadanganya wengi, wakadhani paka hahusiki. Ni kweli kwamba watu 99 katika 100 wafao kwa kichaa waliupata kwa mbwa. Lakini paka aumwapo na mbwa mwenye kichaa, au na mnyama wa porini aliye nao, huupata, na paka akikwaruza na kuuma mtoto aliyekuwa akicheza naye, mtoto yumo hatarini. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapata 59,000 hufa kwa kichaa kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia; na katika kila watu kumi waumwao na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikiisha kumtokea mtu, hakuna dawa. Kabla hazijatokea, dawa ipo, tangu siku ile ya Julai mwaka 1885 Louis Pasteur alipomchanja kijana Joseph Meister huko Paris, naye akaishi.

Fikirini basi hesabu hii. Shirika lile lasema kwamba kumtibu mtu mmoja aliyeumwa, pamoja na nauli na siku za kazi zilizopotea, hugharimu kwa wastani dola 108 za Marekani. Kwa mwalimu mwenye watoto watano, au mkulima aliye mbali na hospitali ya wilaya, fedha hizo ni karo, ni mbolea, ni bati za nyumba. Tena chanjo ya mtu si sindano moja. Hurudiwa kwa siku mbalimbali, na kila siku ina nauli yake, na mtoto hawezi kwenda peke yake. Chanjo ya paka ni sindano moja akiwa na miezi mitatu, nyingine baada ya mwaka, kisha kila mwaka au kila miaka mitatu kwa kadiri ya dawa iliyotumika. Bei yake ni kipande kidogo tu cha fedha zile.

Na kama mtoto ameisha kuumwa au kukwaruzwa hata damu ikatoka, msipake pilipili, wala tumbaku, wala majivu. Osheni jeraha kwa sabuni na maji mengi yamiminikayo, muda wa dakika 15 kwa saa, si kwa kukisia, kisha mwende hospitali siku ile ile. Dakika 15 ni ndefu kwa mtoto aliaye. Mmoja amshike, mwingine amimine. Kadhalika paka mpole akigeuka kuwa mkali ghafula, au sauti yake ikibadilika na udenda ukimtoka, asishikwe na mtu. Fungeni mlango, mwiteni bwana mifugo.

Iko na chanjo nyingine, ya maradhi ya paka kwa paka: mafua makali, na ule ugonjwa wa kutapika na kuhara uuao watoto wa paka wote wa uzao mmoja kwa siku chache. Hauwashiki watu. Mwenye uwezo na ampe. Huanza akiwa na majuma manane hivi, hurudiwa hata afikapo miezi minne.

Dawa ya minyoo ni rahisi kuliko zote, nayo ndiyo isahauliwayo kuliko zote. Mtoto wa paka huanza kupewa akiwa na majuma matatu, hurudiwa kila baada ya majuma mawili mpaka aache kunyonya. Mkubwa hupewa kila miezi mitatu. Paka alaye panya na mwenye viroboto hana njia ya kuikwepa minyoo, na minyoo yake mingine huwaingia watoto wachezao mchangani. Hapa tuseme na neno kwa kina mama wajawazito: msizoe kinyesi cha paka, mwachieni mwingine kazi hiyo, naye aizoe kila siku, kwa kuwa kiko kijidudu ndani yake kiwezacho kumdhuru mtoto tumboni, nacho hakipati nguvu mpaka kinyesi kilale siku moja au zaidi. Hakuna haja ya kumfukuza paka. Nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa huleta kijidudu hicho hicho, na mara nyingi zaidi kuliko paka wa nyumbani.

Kumhasi dume, au kumfunga kizazi jike, ni gharama kubwa kuliko hizo, maana ni kazi ya kisu na dawa ya usingizi. Lakini hulipwa mara moja tu katika maisha ya paka. Jike aweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, huichukua siku 63 au 65, na akizaa mara mbili kwa mwaka, wanne kwa kila uzao, mna vinywa vinane vipya nyumbani. Kila mtu ajua mwisho wa wale wanane. Hutiwa katika gunia wakatupwa sokoni, na aliyetumwa kuwatupa aghalabu ni mtoto, ambaye jana alikuwa akiwanywesha. Tena dume aliyehasiwa hatembei sana usiku, hapigani sana, wala harudi na majipu ya kuumwa yatakayo dawa kila mwezi.

Chakula nacho ni sehemu ya afya. Wazee walisema paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya. Nao walisema kweli kuliko walivyojua. Mwili wa paka wahitaji kitu kiitwacho taurini, kipatikanacho katika nyama na samaki, wala hakimo katika wali wala ugali. Mwaka 1987 waganga wa wanyama wa California walitangaza kwamba paka wakosao taurini hupatwa na ugonjwa wa moyo kutanuka. Na kabla ya hapo ilijulikana kwamba hupofuka. Mbwa aweza kuishi kwa makombo ya ugali, ijapokuwa kwa shida, paka hawezi. Dagaa waliochemshwa, utumbo wa kuku uliopikwa, maini kidogo mara mojamoja, vyatosha, wala si ghali. Samaki wabichi peke yao kila siku si wazuri. Na maziwa ya ng'ombe, ambayo kila mtoto aliyeenda shule amechora paka akiyanywa, huwaharisha paka wengi waliokwisha kukua.

Tukifika katika dawa za nyumbani twaomba msomaji asome polepole, maana hapa huruma yenyewe huua. Paka akiwa na homa, asipewe kidonge cha parasetamoli, yaani Panadol na jamii yake. Mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo kama mwili wetu. Kidonge kimoja chaweza kumwua. Wala asipakwe dawa ya kupe ya ng'ombe, ile ya josho, wala ya mbwa, kwa ajili ya viroboto; zilizo nyingi zina sumu ambayo ng'ombe na mbwa huistahimili, naye hutetemeka mwili mzima akafa. Wako waliompoteza paka kwa kutaka kumwepushia gharama ya shilingi chache za dawa yake mwenyewe.

Na kuna jambo moja lisilongoja mwisho wa mwezi. Paka dume akionekana akichuchumaa mara kwa mara, akijikamua mkojo usitoke, huku akilia, watu hudhani amefunga choo. Njia ya mkojo imeziba, naye asipofunguliwa hufa kwa siku mbili au tatu. Huyo apelekwe leo.

Mtu atasema, haya yote ni ya wenye mali. Si wa kwanza kusema hivyo. Mwaka 1917, vita kuu ya kwanza ilipokuwa haijaisha, mama mmoja aitwaye Maria Dickin alifungua chumba cha chini ya ardhi huko Whitechapel, mtaa wa maskini wa London, akatangaza kwamba wanyama wa maskini watatibiwa bila malipo. Kazi ile yaendelea mpaka leo. Nishani ya wanyama waliotumika vitani yaitwa kwa jina la mama huyo, na paka aliyeipata ni mmoja tu, Simon, wa manowari ya Kiingereza HMS Amethyst, aliyejeruhiwa na mizinga katika mto Yangtze mwaka 1949, akatibiwa, kisha akaendelea kuwaua panya waliokuwa wakimaliza chakula cha mabaharia. Nchi nyingine zimeshika njia ya bima: huko Uswidi mbwa alikatiwa bima mwaka 1924, na huko Marekani mwaka 1982, mbwa wa kwanza akiwa Lassie wa michezo ya sinema.

Kwetu bima ya paka bado ni neno la mjini sana. Kibubu chaifanya kazi yake. Mwulizeni bwana mifugo bei ya chanjo na ya dawa ya minyoo, jumlisheni ya mwaka mzima, gawanyeni kwa miezi 12, na fedha hiyo itiwe humo pamoja na ile ya sabuni. Watoto wapewe kazi ya kuitia. Hawatasahau, na watawakumbusha wakubwa. Wakaao karibu na vyuo wana msaada mwingine, maana waganga wa wanyama wafundishwapo huwa pana hospitali ya wanyama, kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ya Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete, na ya Makerere, Kampala.

Lakini njia iliyo bora kwa vijiji ni kukusanyika. Sehemu kubwa ya gharama ya mganga wa wanyama ni safari yake, nayo ni ile ile aje kwa paka mmoja au kwa arobaini. Tena chupa nyingine za chanjo zina dozi kumi, na ikiisha kufunguliwa sharti itumike upesi. Anayeleta paka mmoja huenda akalipia na tisa wasiokuwapo. Walimu wanaweza kulitengeneza shauri hili vizuri kuliko mtu yeyote, kwa kuwa kila nyumba ina mtoto shuleni. Tarehe 28 Septemba kila mwaka, siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895, ndiyo siku ya dunia ya kupinga kichaa cha mbwa, na mahali pengi idara za mifugo huchanja bure au kwa bei ndogo majira hayo. Barua ipelekwe wilayani mapema, mwezi wa saba au wa nane, iandikwe idadi ya mbwa na paka waliohesabiwa. Ofisi hujibu upesi zaidi ikiona hesabu.

Siku ikifika, paka wasibebwe mikononi, maana penye mbwa thelathini hakuna paka akubaliye kukaa mikononi. Kila mmoja atiwe katika kikapu chake chenye kifuniko, kifungwe kamba, kifunikwe na kitambaa ili asione. Angalieni kwamba chanjo imekuja katika sanduku la barafu. Iliyopata joto haifai. Kisha ombeni cheti chenye tarehe na mhuri, kiwekwe pamoja na vyeti vya kliniki vya watoto, mahali patakapoonekana mwaka ujao. Karani atauliza jina la paka, na hapa ndipo foleni husimama, kwa sababu paka wengi wetu hawana jina. Mpatanishe na watoto kabla ya kuondoka nyumbani. Nyau latosha.